Foleni ya Mawe Nje ya Chumba cha Manyama

Mimi ni Mama Wambura, na ninyi mlioko kazini sasa hivi mlinijua kwa sauti kabla ya kunijua kwa sura. Mmeniaga vizuri, mmenipa kitenge na sufuria kubwa, halafu mkaniomba niandike niliyoyaona ili wanaoanza kazi wasianze kama vipofu. Haya, naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mjukuu wangu aliyeko kidato cha tatu, mwenye akili kuliko watoto wote wa mtaa huu na sisemi kwa sababu ni wangu, ananirekebishia herufi. Nimemwambia arekebishe herufi tu, maneno aniachie. Habari za vyeo sina. Nilikuwa na cheo kimoja, mhudumu. Nilianza nacho, nimestaafu nacho, na hakikupungua hata kidogo.

Siku ya kwanza metroni alinipa ndoo, dekio na fagio, akanyoosha kidole kwenye kijumba cha nyuma karibu na uzio. "Wewe utakuwa kule kwa Manyama." Wahudumu wenzangu wakaniangalia kama mtu anayepelekwa kuzikwa. Kule kwa Manyama ndiko walikokuwa wanatibiwa wagonjwa wa akili, na watu wa mjini Musoma wakati ule waliamini ugonjwa huo unarukia mtu kama kikohozi. Mmoja akaninong'oneza, "Usiwaangalie machoni, dada." Nikamwambia nina watoto sita na mume anayekunywa, kama ni kuambukizwa wazimu ningeshaambukizwa nyumbani.

Nikaingia na ndoo yangu. Nikamkuta mwanaume mfupi mwenye koti jeupe amekaa sakafuni na mtoto, wanafinyanga ng'ombe wa udongo. Nikadeki kuwazunguka, nikafika kwake.

"Dokta, nyanyua miguu."

"Mimi si dokta, ni muuguzi. Na wewe ukideki kwa haraka hivyo utawatisha ng'ombe."

Huyo ndiye Manyama, mwalimu wangu. Kwa wananchi kila mwanaume mwenye koti jeupe ni dokta, alikuwa anawarekebisha mpaka alipochoka. Alichonifundisha kwanza ni kukaa chini. Alisema mtoto akikuona umesimama anajua una haraka, na mtoto mwenye hofu hamwambii kitu mtu mwenye haraka. Cha pili, usiulize. Kaa, fanya kitu kwa mikono yako, menya muhogo, kunja shuka, atakusogelea mwenyewe. Cha tatu, neno kichaa lisitoke mdomoni mwako kwenye jengo hili, hata ukikanyagwa. Mimi nilikanyagwa, na nikamwita mtu majina mengine mengi, lakini hilo sikulisema.

Watoto walikuwaga wengi kuliko mnavyodhani. Wa kifafa, ambao siku hizo walikuwa wanaletwa kwetu. Wasiolala. Wanaokimbia nyumbani wakaokotwa njiani Kiabakari. Wanaoongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Wengi wao walikuwa wameshazungushwa kwa waganga mpaka ngozi zimejaa chale, ndipo wanaletwa hospitali, na wakifika hospitali wanaambiwa wasubiri.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni hakuna, mashuka nilikuwa nafua kwa majani ya mpapai na jivu. Wagonjwa walikula uji wa yanga, ule unga wa njano, na asiyeujua ashukuru Mungu wake. Manyama alikuwa amesomea magonjwa ya akili, lakini amri ilikuwa kwamba watoto ni wa daktari bingwa. Bingwa alikuwa Mwanza. Kuja kwake kulitegemea gari kuwa na matairi, matairi kuwa na gari, na vyote viwili kuwa na mafuta. Akikosekana, Manyama anatoka nje, anawaambia wazazi, "Rudini mwezi ujao." Mwezi ujao naye anawaambia hivyo hivyo. Nilikuwa nikiona mgongo wake unavyopinda akisema maneno hayo.

Katika watu hao wa rudini mwezi ujao alikuwepo mama mmoja wa Kibara na binti yake, Nyangeta, mtoto wa darasa la pili. Kaka yake Nyangeta alizama ziwani mtumbwi ulipopinduka, na Nyangeta alikuwa amesimama ufukweni anaangalia. Tangu siku hiyo mtoto hakulisogelea ziwa. Sasa, mnaijua Kibara. Ukifungua mlango, ziwa. Ukienda shule, ziwa. Baba ni mvuvi, anarudi ananuka ziwa. Mtoto akaanza kulala chini ya kitanda, akaacha shule, na akisikia maji yanamiminwa ndoani anapiga ukelele mpaka majirani wanakuja na fimbo.

Na hospitali yetu iko wapi? Musoma. Ziwa huku, ziwa kule. Yaani kumleta mtoto kwenye dawa ilikuwa kumleta kwenye ugonjwa. Mama yake alikuwa anamfunika kanga kichwani tangu wanaposhuka kwenye lori mpaka mlangoni kwetu. Mimi nikawa nafunga shuka dirishani siku yao, maana dirisha la Manyama lilitazama maji. Wanafika, mtoto anatetemeka, bingwa hayupo, mtoto anafunikwa tena, wanarudi. Kila safari alikuwa anaondoka na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo.

Safari moja bingwa alikuwa amekuja kweli, lakini lori lao liliharibika Bunda. Walipofika, watu wa mjini walikuwa wameshajaza benchi asubuhi, gari la bingwa limeshaondoka. Mama Nyangeta hakulia. Alitoka nje, akaokota jiwe la ukubwa wa mkate, akachukua mkaa jikoni kwetu akachora samaki juu yake, akaliweka chini ya ukingo wa paa nyuma ya jengo.

"Mama, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nimepanga foleni. Dukani si tunaacha mawe? Sukari ikija, jiwe langu liko mbele. Na hapa jiwe langu liko mbele. Atakayelitoa nitamtoa meno."

Ninyi mliokuta maduka yamejaa hamtaelewa. Wakati ule duka likitangaza sukari inakuja, watu walipanga mstari wa mawe, matofali, vikapu vibovu, wakaenda shambani. Jiwe lilikuwa ni mtu. Hakuna aliyeligusa jiwe la mwenzake, hata mwizi aliliheshimu. Manyama alicheka mpaka akakaa. Daftari letu la majina lilikuwa limejaa, na karatasi nayo ilikuwa inasubiriwa kama sukari. Akasema, "Liache hapo."

Wengine walipoona, nao wakaleta. Mama mmoja wa Butiama alileta jiwe kubwa, nikamuuliza kama anapanga foleni au anajenga. Mzee mmoja wa Bunda, mkulima wa pamba, mjukuu wake alikuwa na kifafa, akaweka nusu tofali. Ikawa mstari mzuri. Nilikuwa naufagia kila asubuhi bila kusogeza hata moja.

Safari iliyofuata Mama Nyangeta akaniambia ya moyoni. "Mama Wambura, baba yake amesema hii ni mara ya mwisho. Tukirudi bure tena, hatumleti. Atamtafutia mganga wa kumfungia ndani mpaka huo woga umtoke."

"Kumfungia wapi?"

"Kwenye banda la nyavu. Pale majini kabisa."

Nilimwangalia Nyangeta. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na ndoo yangu iliyokauka, amefinyanga ng'ombe mdogo asiye na miguu. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili.

Haya. Zikaja habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, bingwa amepata mafuta, anakuja Alhamisi. Tukatuma salamu kwa madereva wa malori, matangazo yakasomwa makanisani. Ya pili, mgeni mkubwa atakagua hospitali siku hiyo hiyo. Basi mnajua wenyewe mgeni akija. Mashuka yaliyokuwa hayapo yakaonekana. Na Mzee Chacha, mtunza bustani, akaambiwa apake chokaa kila jiwe lililoko uani.

Kila jiwe.

Nilifika Alhamisi asubuhi, nikaenda nyuma na fagio langu. Ukingoni hapana kitu. Nikakimbilia mbele. Mawe yetu yote yamezungushwa kwenye maua ya metroni, meupe yanang'aa kama meno ya bandia.

"Chacha! Umefanya nini?"

"Nimepamba," akasema, anafurahi. "Nilikuwa nimepungukiwa mawe, nikayakuta hayo yamepangwa vizuri nikajua umenisaidia. Ahsante sana, mama."

"Hayo ni watu, Chacha!"

Aliniangalia, akaliangalia jengo la Manyama, akaniangalia tena. Akasema polepole, "Na wewe imeshakupata."

Kabla sijamjibu, wenye mawe wakaanza kuingia getini. Ugomvi uliotokea pale, mgeni mkubwa angefika mapema angefikiri ni mnada. Mzee wa Bunda alilitambua tofali lake kwa umbo, akalikumbatia chokaa yote ikamhamia kwenye koti, akatangaza kwamba tofali hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Mama Nyangeta alikuwa amemshika mtoto aliyefunikwa kanga, na sauti yake ilifika wodi ya wazazi.

"Mzee wangu, nakuheshimu, shikamoo. Lakini jiwe la kwanza ni la samaki!"

"Samaki yuko wapi? Nionyeshe samaki!"

"Yuko ndani ya chokaa!"

Manyama akapanda kwenye benchi. Hakupiga kelele, alisubiri wapumue. Akasema, "Kila mtu aseme, siku ulipoweka jiwe ulikuwa unafanya nini shambani, na nyuma ya nani."

Wakulima hao, nani angewadanganya. Mama wa Butiama akasema, "Mimi nilikuwa navuna mtama, nikaweka nyuma ya tofali." Tofali je? Mzee akajikuna. "Tulikuwa tunachuma pamba." Na samaki? Watu watatu wakajibu kabla Mama Nyangeta hajafungua mdomo, kwamba jiwe la samaki lilikuwepo wakati pamba bado inapaliliwa, wao waliliona. Mzee akakubali. Akasema, "Haya binti, nenda, ila hili tofali naondoka nalo." Mstari ukasimama wenyewe, sawasawa kama ulivyokuwa. Mgeni mkubwa, kwa taarifa yenu, hakufika.

Bingwa alifika jua limeshapanda, mama mnene mcheshi, vumbi mpaka kwenye kope. Dereva akasema lazima waondoke mapema, taa za gari hazifanyi kazi. Watoto walijaa uani. Mimi kwa hesabu yangu ya kichwa niliona wataingia wachache na wengine watarudi na mawe yao.

Nyangeta akaingia wa kwanza na mama yake. Wakakaa muda mrefu mno. Nje watu wakaanza kuguna, mzee wa Bunda akawa anapima jua kwa kiganja. Mlango ukafunguka, bingwa akamwita Manyama. Nami nikaingia kukaza shuka la dirisha, mtoto akang'ang'ania sketi yangu, nikabaki humo.

Bingwa akasema, "Muuguzi, huyu mtoto hahitaji sindano wala vidonge. Anahitaji mtu wa kukaa naye kila wiki, amzoeshe maji kidogo kidogo, asiharakishwe. Hiyo kazi hukusomea?"

"Nimesomea."

"Sasa mlikuwa mnanisubiri mimi ya nini?"

"Niliambiwa watoto ni wa bingwa."

"Nani alisema?"

"Barua ilitoka kwenu, dokta. Mwanza."

Bingwa akacheka, lakini si kicheko cha furaha, ni kile cha mtu aliyetafuta ufunguo siku nzima na uko kiunoni. Akasema barua ile ilikuwa ya dawa kali tu, zile ambazo mtoto hapewi mpaka bingwa amwone. Musoma ikasomwa kana kwamba ni watoto wote, na huenda na kwingine. Akasimama, akatoka nje mwenyewe, akapita mtoto kwa mtoto akiwa ameinama, Manyama nyuma yake. Huyu nitamwona mimi leo. Huyu ataanza na Manyama wiki ijayo. Huyu Manyama. Huyu mimi. Mjukuu wa mzee wa Bunda alipata vidonge vyake siku hiyo hiyo. Benchi likaisha watu gari la bingwa likiwa bado uani, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mzee wa Bunda akachukua tofali lake. "Kumbe tumepanga foleni dukani," akasema, "na sukari ilikuwa jikoni."

Tangu hapo Alhamisi ikawa siku ya watoto. Mtoto akiletwa, wiki inayofuata ameshaonwa. Bingwa alikuja alipoweza, kwa wale wake. Mawe yaliyobaki metroni aliyapenda kwenye maua, tukamwachia.

Lakini Nyangeta hakupona kwa siku hiyo moja, msije mkafikiri. Mama yake alimpeleka Mwitongo kwa shangazi, kule Butiama ambako hakuna ziwa mlangoni. Kutoka huko wakawa wanakuja kila Alhamisi na lori la mkaa. Baba alinuna Kibara, lakini la banda la nyavu halikusemwa tena, maana mama alimjibu kwamba daktari wa Mwanza amekataza. Kila mtu akawa anamtumia yule daktari wa Mwanza. Hata mimi nilimtumia kumkatalia mume wangu mambo fulani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wiki ya kwanza nilimimina maji kikombeni mbele yake, kidogo, akiwa ameshika kikombe yeye. Baadaye ndoo. Baadaye nikafungua pindo la shuka dirishani, akachungulia, akafunga. Kila alipofunga Manyama alisema, "Vizuri." Nikamuuliza vizuri nini wakati mtoto amefunga. Akanijibu, "Amefunga mwenyewe. Zamani alikuwa anakimbia." Nendeni na hilo, ninyi mnaopenda kuona mgonjwa amepona kwa mkupuo.

Siku moja tulifika naye mpaka barazani, meli ikapiga honi bandarini. Mtoto aliruka akarudi ndani, akaingia chini ya kitanda. Manyama naye akaingia. Na koti lake jeupe. Wakakaa huko. Metroni akapita kwenye ukaguzi, akaona jozi mbili za miguu.

"Manyama, unafanya nini chini ya kitanda cha serikali?"

"Kazi, metroni."

"Na wewe Mama Wambura?"

"Mimi nasubiri zamu yangu."

Chini ya kitanda tukasikia kitu ambacho hatujawahi kukisikia. Nyangeta alikuwa anacheka.

Tukaendelea. Barazani, getini, kwenye njia ya mawe inayoshuka ziwani kwa wafua nguo. Kuna wiki tulisogea, kuna wiki tulirudi nyuma. Sabuni zikaanza kuonekana madukani, mitumba ikashuka, watu wakabadilika mavazi, na sisi bado tuko kwenye njia ile ile, hatua mbele, hatua nyuma. Mimi sina subira, waulizeni wanangu, lakini ile niliipata.

Alhamisi moja baba yake akaja. Hatukumwita. Mwanaume mrefu, mikono imekatwakatwa na nyuzi za nyavu, amebeba kifurushi cha sato wakavu, anatuangalia kama mtu aliyeitwa polisi. Tukaingia naye chumbani, Manyama, mama mtu na mimi. Nyangeta tukamwambia asubiri barazani kidogo tu. Yule baba akakaa kitini, Manyama akakaa sakafuni. Baba akashangaa, mwishowe naye akashuka. Akaanza kuuliza kama binti ataweza kurudi nyumbani, na katikati ya kuuliza akaanza kusema habari za mwanawe aliyezama, jinsi yeye mwenyewe hajalala vizuri tangu siku ile, na anavyopiga kasia macho yamefumba anapopita mahali pale. Mkewe hakuwahi kuyasikia hayo. Manyama hakuuliza kitu. Mimi nilikuwa nakunja shuka lile lile kwa mara sijui ya ngapi. Hakuna aliyekumbuka saa.

Tulipotoka, barazani hapana mtu.

Mama akapiga ukelele. Tukakimbia getini, mlinzi anaonyesha chini kwa kidole. Baba mtu alitupita wote, kandambili moja ikabaki njiani. Tulimkuta amesimama ghafla juu ya mawe ya wafua nguo, mikono imening'inia, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

Nyangeta alikuwa ndani ya maji, magotini. Gauni amelikunja kiunoni. Anamsaidia mama mmoja asiyemjua kukamua shuka, yeye upande huu, yule upande ule, wanalisokota.

Manyama alinishika mkono nisiongee, maana alinijua. Mtoto akamaliza kusokota, akaliweka shuka kwenye beseni, ndipo akageuka akatuona tumejipanga juu ya mawe. Akatukunjia uso, kama mtu mzima aliyekosewa.

"Mmekaa sana," akasema. "Mimi nimechoka kusubiri."